Digrii Zilizopotea Ngazini

Nawapa kama nilivyopewa, na aliyenipa hakuwa mwongo. Kama kuna chumvi humu ndani, basi ni ile iliyotoka baharini na maji yake.

Fundi Machano alikuwa mtengenezaji wa mizani na vipimajoto, mtu mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na alikuwa na maradhi ambayo hayana dawa: hakuweza kupita mbele ya kipimo kinachodanganya akanyamaza. Kwa maradhi hayo aligombana na wauza nyama wote wa mji wao. Basi ilipomfikia barua ya Baraza la nchi ya Thabiti, ikimwita akakague vipimajoto vya bahari "ili wenye kelele wanyamaze", hakuuliza kelele za nani. Alifunga mkoba, akaenda, akafika. Habari za njiani hazina maana.

Alipangiwa kukaa kwa Bi Kazija, mkulima wa mwani, mama wa makamo mwenye mikono iliyochubuka kwa kufunga kamba. Hata kabla hajakaa, Machano aliona jambo. Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na tita la kuni mlangoni na sufuria kubwa imeinamishwa juu yake.

"Mama, mtaani kuna harusi?"

"Harusi ya nani, Fundi? Tunapasha bahari."

Machano alidhani hakusikia vizuri, akaomba arudiwe. Akarudiwa. Bahari ya Thabiti ilikuwa inapoa mwaka hadi mwaka, ndivyo Kitabu cha Bahari kilivyosema, na Baraza kwa kuwahurumia raia likatunga sheria: mara moja kwa mwaka, Siku ya Kupasha, kila nyumba ichemshe sufuria moja ya maji na kwenda kuimwaga pwani.

"Na nyinyi mnaoshinda baharini, mnaona inapoa?"

Bi Kazija alijitanda kanga yake ya pili, akamwongoza mpaka ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa. Kamba za mwani zilionekana vigingini, nyingi zikiwa tupu, na zile zilizobaki na mwani, mwani wenyewe umekuwa mweupe na kulegea, ukiushika unakatikia mkononi. Nyuma ya mwamba kulikuwa na kidimbwi kinachopata maji mapya kutoka mkondoni, na humo ndimo ilimokuwa mbegu, kijani kibichi, imefungwa kwa uangalifu.

"Hii ndiyo mbegu ya mwisho ya pwani nzima," alisema Bi Kazija. "Ya wanawake arobaini. Ikifa hii, tukaombe kazi ya kufagia Jengo la Kitabu. Tia mkono kule kwenye kamba."

Machano akatia, akautoa upesi.

"Lahaula! Mama, haya si maji ya kuogea mzazi haya?"

"Shh! Usipige kelele. Mkono wako haujala kiapo."

Hapo ndipo alipofahamishwa sheria ya pili ya Thabiti. Ngozi ya mtu haikubaliwi kutoa ushahidi juu ya bahari. Aliyesema maji ni ya moto kwa sababu yamemuunguza alihesabiwa mzushi, na akirudia, mchochezi. Waheshimiwa walikuwa wamekuja wenyewe kuutazama mwani ule mweupe, wakatikisa vichwa kwa huzuni, wakaamua kuwa umeumwa na baridi. Na kwa huruma yao wakaagiza kwamba mwaka huu sufuria zote za mtaa, sitini kwa idadi, zisimwagwe ovyo pwani, zimwagwe ndani ya kidimbwi cha mbegu.

"Lini?" aliuliza Machano.

"Zimebaki siku sita."

Asubuhi yake alikwenda kazini. Jengo la Kitabu lina ghorofa nne na limejengwa juu ya bahari kabisa, ila madirisha yake yote yameelekea mjini. Juu ya mlango imechongwa sheria mama ya nchi ile: MAJI YASIYOSHUHUDIWA SI MAJI. Alipokewa na Mtunza Kitabu, Bwana Nguzo, mtu mrefu, mpole, kanzu yake imepigwa pasi mpaka ungedhani inaweza kusimama peke yake. Baba yake alikuwa Mtunza Kitabu, na babu yake, na baba wa babu yake ndiye aliyekianzisha Kitabu. Wote waliitwa Nguzo.

"Karibu sana, Fundi. Umekuja siku njema. Tunapima."

Machano akatazama wanavyopima. Ndoo ya turubai iliteremshwa kwa kamba, ikateka, ikapandishwa ngazini. Na kwenye ngazi zile, kila baada ya vidato vichache, alikaa mheshimiwa mmoja na meza yake. Alikuwapo Shahidi wa Kamba, alikuwapo Shahidi wa Mpini, alikuwapo Shahidi wa Kutomwagika, na mwisho kabisa Shahidi wa Mashahidi. Jumla yao kumi na tisa. Kila mmoja alichungulia ndani ya ndoo, akatafuta miwani, akatafuta kalamu, akauliza habari za nyumbani kwa mbeba ndoo, kisha akasaini. Upepo ulikuwa ukipiga ngazini, na ndoo ilikuwa imelowa nje na ndani, ikidondosha matone kidato kwa kidato. Ilipofika juu, na saini zote zimetimia, ndipo kipimajoto kilipotolewa katika sanduku la mahameli kikatiwa majini.

"Ishirini na nne!" akasoma Bwana Nguzo.

"Inapoa, jamani, inapoa," wakasema waheshimiwa, na walikuwa na furaha ya mtu aliyebashiri mvua ikanyesha.

Machano alijikuna kichwa. "Mheshimiwa, samahani. Kwa nini kipimajoto kinaingia mwisho?"

"Kingeingia lini?"

"Mwanzo. Ndoo ikitoka tu baharini."

Bwana Nguzo alicheka kwa adabu. "Fundi, tarakimu ikisomwa kabla ya mashahidi, nani atajua ni ya ndoo ipi? Tarakimu ya namna hiyo ni mtoto wa kuokota. Sisi hapa hatuandiki watoto wa kuokota."

Siku mbili nzima Machano alivikagua vipimajoto. Vilikuwa vizima, vimetengenezwa na mikono yenye akili, havina kosa hata la unywele. Akaandika hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na Baraza likapiga mbiu mji mzima kwamba fundi mgeni amethibitisha: kipimo ni kizima, bahari inapoa. Wanawake wa mwani waliposikia, hawakumlaumu. Walimwamkia kama kawaida, wakapita. Yeye alitamani ardhi ipasuke.

Alirudi nyumbani amejiinamia. Bi Kazija akamtekea maji mtungini, akampa kata. Jua lilikuwa kali, lakini maji yale yalikuwa baridi mpaka meno yakamuuma.

"Mama, mtungi huu umeutia nini?"

"Niutie nini, Fundi? Mtungi unatoa jasho, maji yanapoa. Kwani kwenu hakuna mitungi?"

Machano alibaki na kata mkononi. Akautazama mtungi ulivyolowa nje. Akaikumbuka ile ndoo ya turubai, ilivyolowa vilevile, ikipanda ngazi kwenye upepo, ikisubiri mheshimiwa apate miwani yake.

"Mjinga mimi!" alisema kwa sauti. "Mjinga, mjinga, mjinga!"

"Usijitukane nyumbani kwangu. Kuna nini?"

Alimweleza, na yule mama hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Kesho yake waliazima ndoo ya turubai, wakateka maji ya bahari, wakaita majirani kumi na tisa, wakawapanga uani kwenye upepo kila mmoja na kipande cha mkaa. Bi Kazija aliwahimiza wafanye kama waheshimiwa wenyewe, na majirani walifurahi kupita kiasi: mmoja alijifanya amesahau jina lake, mwingine akamuuliza mbeba ndoo habari za mjomba aliyekwisha kufa. Kila aliposaini mtu ukutani, Machano alisoma kipimajoto. Wakarudia mara tano. Jibu likawa lilelile, au karibu yake: kila saini ilikula robo ya digrii.

Kilichobaki kilikuwa kukiona Kitabu, na Bwana Nguzo alimfungulia kwa fahari. Ukurasa wa kwanza, ulioandikwa na Nguzo wa kwanza, ulisema ishirini na saba, kwa ndoo ya mbao, na chini yake palikuwa na saini moja tu. Wakati wa mwanawe zilikuwa saini tano. Wakati wa mjukuu, kumi na mbili. Sasa kumi na tisa. Na kila saini zilipoongezeka, bahari ilipoa. Machano alikokotoa palepale kwa kidole juu ya goti. Ukizirudisha digrii zilizoliwa, bahari ya leo ilikuwa karibu ishirini na tisa. Haikupoa hata siku moja tangu Kitabu kianze. Ilikuwa imepanda karibu digrii mbili, na ushahidi wote ulikuwa mlemle Kitabuni, umeandikwa na waheshimiwa kwa mikono yao wenyewe.

Aliomba kikao cha Baraza, akapewa, kwa kuwa mgeni ni kuku mweupe. Akaeleza kwa utaratibu, bila kumtaja mtu. Kisha akasema kazi yenyewe ni nyepesi: tarakimu za zamani zisifutwe, ila pembeni ya kila moja iandikwe idadi ya saini zake na joto lililorudishwa. Na ile amri ya sufuria isimamishwe, maana ilikuwa imebaki siku moja.

Ukumbi ulivuma.

"Digrii hizo unazotaka kuturudishia, umezitoa wapi?" aliuliza Shahidi wa Kamba.

"Zilipotea ngazini, mheshimiwa."

"Mbona sisi tunapita ngazi hizo kila siku na hatujaziona?"

Shahidi wa Mpini, mtu mpenda amani, alipendekeza wasigombane: Kitabu kinasema ishirini na nne, Fundi anasema ishirini na tisa, basi bahari na iwe ishirini na sita na nusu, kila mtu aende nyumbani ameridhika. Walimpigia makofi mengi. Shahidi wa Kutomwagika alisema kwa uchungu kuwa kumsahihisha marehemu ni kumfukua. Hapo Bwana Nguzo akasimama.

"Fundi. Unasema baba wa babu yangu alikosea?"

"Hapana, mheshimiwa. Wallahi hapana. Yeye ndiye aliyekuwa karibu na kweli kuliko wote. Alikuwa na ndoo ya mbao, na alisaini peke yake, hapohapo majini."

"Basi unasema baba yangu alikosea."

Machano akashika uzi wa miwani yake.

"Na mimi?"

"Hakuna aliyesema uongo, mheshimiwa. Kila mmoja alisoma alichokiona. Ila maji mliyoyasoma yalikuwa yamekwisha kuwa maji mengine."

Bwana Nguzo akakaa. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa kuwa nyumba aliyozaliwa si yao. Aliposema tena, alisoma tu sheria: maji yasiyoshuhudiwa si maji, na majaribio ya uani kwa Bi Kazija hayakuwa na shahidi hata mmoja aliyeapishwa. Hata hivyo Baraza lilikuwa la waungwana, halikumtupilia mbali mgeni. Liliamua hoja yake ipewe kamati, na kwamba hati ya kusimamisha Siku ya Kupasha iandikwe bila kuchelewa. Hati ya namna hiyo ilihitaji saini thelathini na moja. Ingekuwa tayari baada ya miezi mitatu.

"Na sufuria za kesho?" aliuliza Machano.

"Sufuria za kesho ni za kesho," akajibiwa.

Alipomfikishia Bi Kazija habari hizo alikuwa karibu kulia. Yule mama alikuwa akichambua mchele. Aliuliza jambo moja tu.

"Hilo neno la mlangoni kwao, hebu nitajie lilivyo."

"Maji yasiyoshuhudiwa si maji."

"Hawakusema maji ya wapi?"

"Hawakusema, mama."

"Haya. Kalale, Fundi. Dawa ya moto ni moto."

Asubuhi ya Siku ya Kupasha pwani ilijaa watu na moshi. Sufuria sitini zilichemka foleni moja ndefu kutoka mtaani hadi kwenye mwamba, mifuniko inarukaruka. Wanawake wa mwani walisimama kando ya kidimbwi, wamejifunika nyuso. Waheshimiwa wote walikuja na miavuli. Bwana Nguzo alisoma dua, akainua mkono, na mbeba sufuria wa kwanza akashika vipini kwa matambara.

"Hodi, waheshimiwa!" ilisikika sauti ya Bi Kazija. "Shikamooni. Mimi mama mshamba, naomba kuelimishwa. Haya maji yana mashahidi?"

Mbeba sufuria akaachia vipini.

"Maana yasiyoshuhudiwa si maji. Sasa tukimwaga kitu kisichokuwa maji, kesho Kitabuni mtaandika tumemwaga nini? Mtaniharibia kidimbwi kwa kitu kisichojulikana?"

Shahidi wa Mashahidi, aliyekuwa mlinzi wa sheria, alizihesabu sufuria kwa kidole. "Mama huyu... ana hoja."

"Sufuria moja moja?" aliuliza Shahidi wa Mpini, akiitazama foleni.

"Ndoo si hupimwa moja moja?" alisema Bi Kazija kwa unyenyekevu. "Ama hizi sufuria zetu ni za kuokota?"

Hakukuwa na pa kutokea. Meza zikaletwa kutoka ngazini, zikapangwa mchangani. Sufuria ya kwanza ilishuka motoni, ikapita kwa Shahidi wa Kamba, ambaye ilimchukua muda kuamua atashuhudia nini, kwa kuwa sufuria haina kamba. Ikapita kwa Shahidi wa Mpini, ikarudishwa kwa kuwa ina vipini viwili na sheria inataja kimoja. Kalamu zilikauka. Karatasi zilipeperuka, zikafukuzwa ufukweni. Saa sita sufuria nne tu zilikuwa zimetimiza saini, na kuni za zile nyingine zilikuwa zimekwisha, maana kila nyumba ilipewa tita moja kwa kipimo. Moto ulizimika mmoja baada ya mwingine. Waheshimiwa waliendelea kusaini, sasa mbiombio kwa njaa, kwani sheria ya Thabiti haisemi maji yawe ya moto, inasema yashuhudiwe. Alasiri, jua limeshalegea, sufuria ya sitini ilipata saini yake ya kumi na tisa, na mbiu ikapigwa.

Wakamwaga. Sufuria kwa sufuria, maji yaliyokwisha kupoa yalitiririka kidimbwini, na wanawake arobaini wakapiga vigelegele ambavyo waheshimiwa walivichukua kuwa vya shukrani. Machano alicheka mpaka miwani ikakatika uzi.

Katika kumwaga sufuria ya mwisho Bwana Nguzo aliteleza mwambani, mguu wake mmoja ukazama hadi gotini, lakini si kidimbwini. Ulizama upande wa pili, kwenye kamba za mwani mweupe, alipokuwa hajawahi kukanyaga maisha yake yote, wala baba yake.

"Ah!" alisema, akaruka. Aliutazama mguu wake. Kisha akamtazama Bi Kazija, na ule upole wote ukamtoka usoni, akabaki mtu tu. "Mama... haya maji..."

"Mheshimiwa," alisema Bi Kazija taratibu, "mguu wako haujala kiapo."

Yule bwana aliondoka akichechemea, kanzu imelowa.

Machano alirudi kwao wiki ile ile, na jedwali lake la saini akamwachia mwenyeji wake, limeandikwa ukutani kwa mkaa. Kwa jedwali hilo wanawake walijua bahari yao imepanda kiasi gani, basi wakaihamisha mbegu ile kwenye maji ya kina, ambako bado kulikuwa na ubaridi. Ilishika.

Baada ya mwaka alipata barua. Bi Kazija aliandika kuwa wote hawajambo, mwani umeota, ila kuzamia kunawaumiza viuno. Akaandika pia, na haya ni maneno yake: siku moja asubuhi Bwana Nguzo alikuja pwani peke yake, amebeba ndoo ya mbao ya baba wa babu yake. Alisimama majini, akateka, akatia kipimajoto papo hapo, akasoma ishirini na tisa. Alikaa mchangani muda mrefu. "Niandike?" aliuliza. Nikamwambia, baba, kama uliisoma, iandike. Akaiandika Kitabuni na saini moja. Baraza lilimfukuza kazi siku ileile kwa kuandika mtoto wa kuokota, na ukurasa ukachanwa. Sasa anafunga kamba pamoja nasi. Hajui kufunga vizuri, lakini anajifunza, na kutwa analalamika maji ni ya moto. Hatumnyamazishi.

Barua iliishia kwa habari za mjini. Mtunza Kitabu mpya ni mchapakazi sana, ameongeza mashahidi wakawa ishirini na sita ili makosa kama ya Bwana Nguzo yasitokee tena, na kwa mujibu wa Kitabu bahari haijawahi kuwa baridi namna hii. Baraza limeagiza kila raia ashonewe koti la sufu. "Nasi tumeshonewa," aliandika Bi Kazija. "Tunayavua pwani kabla ya kuingia majini, na siku hizi tunaingia alfajiri, maana jua likipanda hapakanyagiki."